Mwenendo Mwema

Pueblo, Colorado
9 Septemba 2018

Mama mpendwa,

Naomba baraka yako kabla ya yote.

Nimeamua kurudi kwenye barua. Simu ya Jumapili ilinichosha. Mimi nasema, "Mama, nimekukumbuka," wewe unaniuliza kuku gani amefanya nini. Nikarudia kwa kupaza sauti hadi jirani akagonga ukuta, nawe ukanijibu kwamba kuku wote ni wazima isipokuwa yule mweusi. Basi. Kwenye karatasi utanisikia vizuri, na kaka Melquíades akikusomea vibaya mwambie arudie.

Nina habari njema. Nimepeleka maombi ya uraia. Miaka kumi na mmoja nimekaa na kadi ya ukaazi tu, sasa nimeona yatosha. Nitaitwa kwenye mahojiano karibu na mwaka mpya. Wanauliza historia ya nchi na sheria zake, wanakuandikisha sentensi moja, halafu unaapa. Nikishaapa nitakuja na kurudi nipendavyo. Tangu Krismasi ya 2014 sijakuona, na wewe unajua ninavyohesabu.

Kazini salama. Pilipili mwaka huu zimekubali. Mji mzima unanukia pilipili za kuchomwa, kila kona kuna pipa la waya linazungushwa juu ya moto. Mimi niko ndani ya jumba la vioo, nasimamia miche. Bosi wangu Darlene ananisifu mpaka naona haya.

Tatizo ni utitiri, wale wadogo wekundu wanaosuka utando chini ya majani. Wewe ulikuwa ukiwafanyaje?

Binti yako,
Obdulia


El Saucito, Zacatecas
30 Septemba 2018

Binti yangu,

Mungu akubariki na Bikira akufunike.

Barua imefika. Melquíades amesoma mara tatu, ya tatu kwa hasira. Nimefurahi mpaka nikaenda kumwambia padri, naye akatangaza kanisani, kwa hiyo sasa huna budi kufaulu.

Utitiri ni kitu kidogo. Loweka tumbaku kavu siku mbili, chuja, tia sabuni ya mche kipande, nyunyiza chini ya jani asubuhi kabla jua halijawa kali. Baba yako marehemu alifanya hivyo na pilipili zake zilikuwa nyeusi kwa kushiba.

Mimi macho yamekwisha. Daktari wa Fresnillo anasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, atanipasua Februari. Utafungwa kitambaa siku kadhaa, anasema, kisha tutakifungua. Nimemwambia sitaki kifunguliwe mpaka binti yangu awe amesimama mbele yangu. Uso wa Melquíades nimeutazama miaka arobaini, unatosha.

Kwa hiyo Februari njoo.

Mamako,
Refugio


Pueblo
2 Novemba 2018

Mama,

Leo ni siku ya marehemu. Nimemwashia baba mshumaa na kumwekea kahawa bila sukari, alivyopenda.

Nitakuja Februari, Mungu akipenda. Mahojiano ni tarehe 15 Januari, yatakuwa yamekwisha.

Dawa ya tumbaku sitaweza kuitumia. Hapa serikali inapima kila jani kwenye maabara, na ikikuta chembe ya kitu kisichoruhusiwa wanafungia zao lote. Tumeleta wadudu wanaokula wadudu, wanakuja ndani ya kifuko kama sukari. Ungecheka.

Jioni najifunza maswali. Najua sasa maseneta wangapi, majaji wangapi, nani atashika nchi rais akifa na makamu wake akifa. Darlene alizaliwa hapa na hakujua hata nusu.

Obdulia


Pueblo
11 Februari 2019

Mama,

Nisamehe. Sitaweza kuja. Tuko kwenye mavuno ya pilipili na Darlene hawezi kunipa ruhusa. Nimempigia Melquíades, atakuwa nawe hospitali. Majibu ya uraia bado.

Utapona vizuri, najua.

Obdulia


El Saucito
3 Machi 2019

Obdulia,

Naona. Namshukuru Mungu na daktari, naona mpaka buibui wa darini. Uso wa kwanza niliouona ni wa kaka yako, na alikuwa hajanyoa.

Sasa barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe ili Melquíades asijue yaliyomo. Nivumilie mwandiko.

Mimi nimelima pilipili miaka hamsini. Hakuna pilipili inayovunwa Februari mahali penye theluji. Nikasema labda ni ndani ya vioo, labda wazungu wana mambo yao. Lakini nikakumbuka barua ya Novemba. Tangu lini serikali ikapima jani la pilipili? Nani anakula jani la pilipili, mbuzi?

Nilikaa na hayo maneno huku nimefungwa kitambaa, sina cha kutazama isipokuwa mawazo. Nimekuwazia umefungwa. Nimekuwazia una mwanamume anayekunyima njia. Nimekuwazia unamwonea haya mama yako, mwanamke wa shamba asiyesikia, hutaki tena kuonekana naye.

Kama ni hilo la mwisho, sema. Afadhali nilisikie kuliko kuendelea kula pilipili zako.

Refugio


Pueblo
24 Machi 2019

Mama yangu,

Sikuonei haya. Nimejionea haya mwenyewe, na nimekuacha ukadhani ni wewe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote nitakayokuandikia hapa.

Sijawahi kufanya kazi ya pilipili. Nalima bangi.

Usitupe karatasi, Mama. Soma mpaka mwisho.

Hapa Colorado jimbo limeruhusu. Shamba la Darlene lina leseni ukutani, na mimi nina beji yenye picha na alama za vidole vyangu, niliyopewa na jimbo baada ya kuchunguzwa sijawahi kuiba wala kupigana. Kila mmea una kitambulisho chenye namba yake. Nikipogoa majani nayapima kwenye mizani, naandika, nayachanganya na udongo mbele ya kamera ndipo nayatupa. Kazi yangu ni vipandikizi. Nakata tawi kwenye mmea mama, nalitia mizizi, nalilea. Kati ya mia, vyangu tisini na saba vinaishi. Sijawahi kuwa hodari hivyo katika kitu chochote.

Sikukwambia kwa sababu ya baba. Nilikuwa na miaka sita wanajeshi walipokuja kutafuta bangi na kung'oa pilipili zetu zote. Nakumbuka walivyompiga kwa kitako cha bunduki, na hawakukuta kitu. Nakumbuka ulivyokuwa ukichemsha maji ya chumvi ya kumkanda. Ningewezaje kukuandikia kwamba nakula kwa mmea uleule?

Sasa sikiliza yaliyonipata Januari.

Ofisa alikuwa kijana mpole, amefunga tai ya bluu. Nikajibu maswali ya historia yote kumi, nikaandika sentensi yangu. Akatabasamu. Akabaki na fomu tu.

"Unafanya kazi gani?"

"Nasimamia vipandikizi, shambani."

"Shamba la nini?"

Mama, pale ningeweza kusema pilipili. Nimesema pilipili kwako miaka mitatu na nusu, ulimi umezoea. Lakini nilikuwa nimeapa, mkono juu.

"Bangi, bwana. Lina leseni. Hii hapa beji yangu."

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza kama naelewa kwamba kwa serikali kuu leseni ya jimbo si kitu, kwamba mmea huo bado umo kwenye orodha ya haramu pamoja na heroini. Nikamwambia ninachoelewa ni kwamba serikali kuu hiyohiyo hunikata kodi kila mwezi kutoka kwenye mshahara huohuo. Akaona haya, nikamwona. Akasema, "Bibi, mimi si mtunga sheria." Akaandika muda mrefu.

Barua ilifika tarehe 7 Februari, siku nne kabla sijakuandikia ule uongo wa mavuno. Wamekataa. Wameandika kwamba nimeshindwa kuthibitisha kuwa ni mtu mwenye mwenendo mwema. Nilisoma maneno hayo nimesimama jikoni, nikakaa chini sakafuni.

Wakili wangu, Bi. Abeyta, anasema baya zaidi ni hili: nisivuke mpaka. Nimekwisha kukiri kwa kinywa changu. Nikitoka nchini, nikirudi wanaweza kunizuia mlangoni na kuichukua hata kadi ya ukaazi. Ndiyo sababu sikuja kukufungua kitambaa.

Sasa unajua kila kitu. Kama utanijibu, nijibu. Kama hutajibu, nitaelewa.

Obdulia


El Saucito
15 Julai 2019

Binti yangu,

Nimechelewa miezi minne. Mitatu ya kwanza nilikuwa na hasira. Wa nne nilikuwa natafuta maneno.

Hasira ya kwanza ilikuwa hii: mgeni mwenye tai ulimwambia ukweli, mimi mamako ukaniuzia pilipili. Hiyo bado haijaisha yote, nitaimalizia siku ukija.

Hasira ya pili ilikuwa ya baba yako. Nilienda kaburini nikamweleza, nikangoja nione nitakachosikia moyoni. Nikarudi nyumbani magoti yananiuma, nikainama chini ya kitanda kuchukua chupa yangu ya dawa. Na hapo, nimeishika chupa mkononi, nikaanza kucheka peke yangu kama mwendawazimu.

Unaijua chupa ile ya kijani ninayojisugulia magoti? Unajua ndani mna nini? Pombe kali, kafuri, na majani ya bangi. Nimeitumia tangu ukiwa msichana. Doña Soledad mkunga ndiye anayetutengenezea. Wanawake wote wa El Saucito wanayo. Mama yake padri anayo. Padri mwenyewe akipiga magoti kwenye misa, mimi niliye mstari wa mbele nasikia harufu.

Kwa hiyo nani mnafiki, mimi au wewe?

Nikakaa kitandani nikafikiri vizuri. Siku ile ya wanajeshi sikulia kwa sababu ya mmea. Mmea ni mmea, haujui serikali. Nililia kwa sababu mtu alisimama na karatasi mkononi akamwita baba yako mhalifu ndani ya shamba lake mwenyewe, na hakukuwa na mtu wa kumjibu. Mimi nilikuwa na miaka thelathini na sita na nilinyamaza. Nilishika mkono wako nikanyamaza.

Sasa karatasi nyingine imekuita wewe mtu asiye na mwenendo mwema. Safari hii sinyamazi. Nimeandika barua, imo humu. Mpe huyo Bi. Abeyta aitafsiri bila kulainisha.

Mungu akubariki. Na kula vizuri.

Mamako


El Saucito, Zacatecas
16 Julai 2019

Kwa Ofisa anayeshughulikia faili la Obdulia Ibarra,

Mimi ni Refugio Luna, mjane wa Anselmo Ibarra, mkulima, miaka sitini na tisa. Nimeambiwa mmeandika kwamba binti yangu hana mwenendo mwema. Naomba kujua nani aliwaambia, maana niliyemlea ni mimi na hakuna aliyeniuliza.

Alipokuwa na miaka tisa aliokota mkufu wa dhahabu sokoni Fresnillo. Alisimama palepale tangu asubuhi mpaka wauza mboga wakafunga, akimngoja mwenye mkufu hadi akampata, na aliporudi nyumbani nilimchapa kwa kuchelewa. Nililijua kosa langu siku ya pili mwenye mkufu alipokuja na keki.

Alimwuguza bibi yake, mama wa mume wangu, miaka miwili, mwanamke ambaye hakuwahi kumwambia asante mtu yeyote.

Amesema uongo mara mbili ninazozijua. Mara ya kwanza alivunja mtungi akamsingizia paka. Mara ya pili alinificha kazi yake ili nisiumie. Mara zote mbili alikiri. Ninyi hakuwadanganya hata mara moja, na hilo ndilo lililomponza. Kama angewadanganya leo angekuwa raia mwenzenu. Lifikirieni hilo mkiwa mezani na watoto wenu.

Sijui sheria zenu. Naambiwa zinagombana zenyewe kwa zenyewe, jimbo linasema ndiyo na serikali kuu inasema hapana. Kwetu baba na mama wakigombana, mtoto hapigwi kwa ajili hiyo.

Natia dole gumba na sahihi pia, mchague mnachotaka.

Refugio Luna, mjane wa Ibarra


Pueblo
20 Oktoba 2019

Mama,

Nimetoka kwenye rufaa juzi. Alikuwa ofisa mwingine, mwanamke wa makamo, nywele fupi za mvi. Alisoma barua yako yote, nilimwona akirudia pale pa mtungi. Akavua miwani.

"Mama yako yu hai?" akaniuliza.

"Yu hai, na anasubiri jibu."

Akasema barua ataiweka kwenye faili na haitatoka humo. Lakini uamuzi hawezi kuubadilisha. Sheria inamfunga mikono. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtu anayempenda, kwamba wanatazama miaka mitano ya nyuma ya kila mwombaji. Kazi hii ikiwa ndani ya miaka hiyo, jibu litakuwa lilelile hata nikiomba mara ishirini.

Nje, Bi. Abeyta akanikalisha kwenye ngazi. "Una njia mbili," akasema. "Baki kwenye kazi unayoipenda, uishi na kadi yako bila kuvuka mpaka. Au acha kazi leo, hesabu miaka mitano, uombe upya na useme kweli yote tena."

"Na kwa miaka hiyo mitano naweza kuvuka?"

"Ningekuwa dada yako nisingekuruhusu."

Nimelala siku mbili nikiifikiria. Sitakudanganya, nimekwisha acha hiyo tabia. Kazi ile naipenda. Vyumba vile vina joto wakati nje kumeganda, na asubuhi mizizi mipya ikitokeza ni myeupe kama meno ya mtoto. Kuiacha ni kama kukubali kwamba nilikuwa nafanya uovu, nami sikubali.

Lakini kadi haiwezi kunileta kwako. Nimeandika barua ya kuacha kazi.

Nikungojee uje wewe huku, au wewe uningojee mimi? Miaka mitano, Mama.

Obdulia


Pueblo, shambani
4 Novemba 2019

Shoga yangu Obdulia,

Barua yako ya kuacha kazi nimeipokea, nimeikunja, nimeikalia. Kisha nikainuka, kwa sababu mimi si mjinga na wewe huna kosa.

Ungeweza kuniambia mdomoni lakini najua tungeangua kilio mbele ya wafanyakazi, na kamera za jimbo zinarekodi kila kitu. Fikiria mkaguzi akitazama picha hizo baada ya miezi mitatu, anatukuta tunalia.

Nikwambie kitu ambacho sikuwahi kukwambia. Siku uliponieleza neno lile, mwenendo mwema, nilirudi nyumbani nikatazama leseni yangu. Ni mimi mwenye shamba. Ni mimi ninayeuza. Wewe ulikuwa unatia matawi mizizi. Juzi chama cha wafanyabiashara wa mjini kimenipa ngao ya mjasiriamali wa mwaka, nikapigwa picha na meya. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilizaliwa hospitali ya pale ng'ambo ya mto, basi mwenendo wangu ni mwema tangu kitovu. Na hukuniona nilivyokuwa miaka ya themanini.

Nimekuwa nikienda Denver kwenye vikao vya sheria kulalamikia mabenki yanayokataa pesa zetu na ukubwa wa maandishi kwenye vifungashio. Mwezi ujao naenda kulalamikia hili. Sitakutaja jina. Nitasema tu nilikuwa na fundi.

Mjomba wangu Stan ana bustani ya miche ya miti ya halmashauri, kando ya mto. Nimemwambia akuchukue. Ni mkali lakini hana meno, hawezi kuuma.

Meza yako ya vipandikizi nimempa Kyle. Kati ya mia, vyake vinaishi sitini. Nakuachia ucheke.

Darlene Kochevar


El Saucito
8 Mei 2022

Binti yangu,

Mungu akubariki.

Wamenikatalia viza mara ya pili. Binti wa dirishani aliniuliza nitathibitishaje kwamba nitarudi Mexico. Nikamwambia nina kuku kumi na wanne na mwana asiyejua kupika. Akacheka, akagonga muhuri wa kukataa huku anacheka.

Usihuzunike. Mimi nina miaka sabini na mbili na magoti ya sitini, kwa sababu unazozijua. Miaka miwili na nusu imekwisha, imebaki miwili na nusu. Tumevuka kilele, sasa ni mteremko.

Melquíades anasema huku kwetu majaji wakuu nao wamesema mtu mzima asiadhibiwe kwa kuvuta nyumbani kwake, ila bunge halijatunga sheria yake. Kwa hiyo hapa pia ni ndiyo na hapana. Doña Soledad anauliza kama sasa atahitaji leseni kwa ajili ya chupa zake. Nimemwambia angoje, akiiomba tu ndipo watakapogundua kwamba ana kosa.

Nitumie picha ya miti yako. Sitaki ya mtu, nataka ya miti. Ya mtu nitaiona mwenyewe.

Mamako


Pueblo
27 Machi 2025

Mama,

Kaa chini kwanza.

Nilikuwa na mahojiano jana asubuhi. Ofisa mpya, mzee, faili langu mbele yake nene kama Biblia. Barua yako imo, niliiona ukingo wake na ile alama ya dole gumba. Maswali ya historia nikajibu hata kabla hajamaliza kuuliza. Kisha akafika pale.

"Umewahi kujihusisha na kilimo au uuzaji wa kitu kilichokatazwa?"

"Ndiyo. Bangi. Miaka minne, kwa leseni ya jimbo. Niliacha Novemba 2019."

"Unajutia?"

Bi. Abeyta aliniminya mguu chini ya meza. Alikuwa amenionya kuhusu swali hili. Nami nilikuwa nimejifunza jibu zuri, lakini lilipofika kinywani halikutoka.

Nikasema, "Najutia kuikosa siku aliyofunguliwa macho mama yangu. Kazi siijutii. Niliifanya vizuri na niliiacha kwa sababu sheria ilinitaka niiache."

Akanitazama. Mzee akafungua faili, akasoma kitu, nadhani ni ile barua yako maana alikaa nayo. Akasema, "Hilo ni jibu la kweli," akagonga muhuri.

Naapa tarehe 18 Aprili. Pasipoti itachukua wiki kadhaa. Agosti nikimaliza kupanda miti nakuja.

Mwambie Melquíades asisome kwa sauti, soma mwenyewe.

Obdulia


Pueblo
23 Agosti 2025

Mama mpendwa,

Nimefika salama. Naandika kabla ya kufungua sanduku.

Bado nacheka nikikumbuka nilivyoshuka kwenye basi na watu wote wa El Saucito wamejipanga, padri na matarumbeta, na wewe peke yako hupo. Nakukuta shambani umeinama, hata kofia hukuvua. Miaka kumi na miezi minane, na neno lako la kwanza ni "Umekonda. Shika hii," unanipa jembe. Tulilima mstari mzima bila kusema, na tulipofika mwisho wa mstari ndipo ukanikumbatia. Melquíades anasema ulikuwa unalima mstari huohuo tangu alfajiri.

Na ile hasira iliyobaki uliimaliza, kama ulivyoahidi. Sijawahi kusemwa hivyo tangu mtungi. Ahsante.

Sikukwambia jambo moja nikiwa huko, na kwa kuwa nimeacha kuficha, nakwambia leo. Darlene alikuja siku ya kiapo, amevaa gauni, mara ya kwanza namwona na gauni. Akaniletea ua na swali, kama nitarudi kazini kwake. Sasa mimi ni raia, hakuna wa kuninyang'anya kitu. Naweza kurudi kwenye meza yangu ya vipandikizi. Akasema Kyle amefika sabini na mbili na amekata tamaa. Niliomba nikutazame wewe kwanza ndipo nijibu. Nimekutazama. Naanza Jumatatu. Sheria ya serikali kuu bado ni ileile, mmea ni uleule. Darlene ananipeleka Denver mwezi ujao, kwenye kikao. Kuna wengine wenye kadi za ukaazi kwenye mashamba haya, wengi, wanaowaambia mama zao kwamba wanalima nyanya. Safari hii fundi atasema mwenyewe, na jina atalitaja.

Sasa nikusimulie mpakani.

Nilisimama kwenye foleni ya daraja la El Paso saa nne asubuhi. Pasipoti ilikuwa mkononi. Nilikuwa nimejipanga. Nikasema wakiniuliza, sitaficha hata neno moja. Zamu yangu ikafika. Ofisa mwanamke, amechoka, anakunywa kahawa.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa mama yangu, Zacatecas. Nafanya kazi bustani ya miti, zamani nilikuwa shamba la bangi lenye leseni, na Jumatatu narudi kwenye shamba hilohilo."

Mtu aliyekuwa nyuma yangu alikohoa. Ofisa akashusha kikombe.

"Dada, sijauliza hayo. Umebeba matunda?"

Nikakumbuka mfuko ulionitilia mlangoni, bado una joto la jua la kwenu.

"Pichi nne. Za mama."

"Pichi haziruhusiwi kuvuka. Pipa lile pale."

Nikalitazama pipa. Nikazitazama pichi. Nikamwuliza kama kuna sheria inayokataza kuzila upande huu wa dirisha. Akafikiri kidogo. Akasema hakumbuki sheria kama hiyo.

Basi nikazila palepale, Mama, zote nne, nimesimama, foleni nzima inangoja. Maji yalinichuruzika mpaka viwikoni. Mtu wa nyuma akanishikia mfuko. Nilipomaliza ofisa akanipa karatasi ya kujifutia, akafungua pasipoti, akaniambia nipite.

Nikapita.

Naomba baraka yako.

Binti yako,
Obdulia